Maisha ya Booker T. Washington: Funzo kwa Mwalimu wa Mtoto Maskini

Mada nyingi za mbinu za kufundisha huanzia darasani, mwanafunzi akiwa amekwisha kuketi kwenye dawati na mwalimu ameshika chaki. Katika makala hii tunapenda kurudi nyuma hatua moja, tumtazame mwanafunzi ambaye angali nje ya mlango. Huyu ni mtoto wa mtu maskini, ambaye nyumbani kwao hapana aliyewahi kusoma, naye anatamani elimu ya juu pasipo kujua njia ielekeayo huko. Mtoto wa namna hii kwa kawaida huanzia mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo tumeona inafaa walimu wanafunzi wayajue maisha ya mtu mmoja aliyeianza safari hiyo akiwa mtumwa, akaimaliza akiwa mkuu wa chuo, na katikati yake akatumia nguvu zake zote kuwapitisha wengine katika njia ile ile. Mtu huyo ni Booker T. Washington, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1915.

Maisha yake mara nyingi husimuliwa ili kuthibitisha kwamba penye nia pana njia. Hatuikatai methali hiyo, kwani nia alikuwa nayo tele. Lakini msomaji akiyafuata maisha haya hatua kwa hatua ataona jambo jingine pia: kila nia yake ilipofika ukingoni, palikuwa na mtu au utaratibu uliomvusha. Hayo ndiyo tutakayoyatazama zaidi, maana nia ni ya mwanafunzi, bali kivuko ni kazi ya mwalimu na ya shule.

Utoto wake

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la bwana mmoja aitwaye James Burroughs, katika wilaya ya Franklin, jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba. Baba yake alikuwa Mzungu ambaye mtoto hakupata kumjua. Waliishi katika kibanda cha magogo chenye sakafu ya udongo, wakilala juu ya matambara. Sheria za utumwa hazikuruhusu mtoto wa namna yake kufundishwa kusoma. Shule aliiona kwa nje tu, alipotumwa kumbebea vitabu binti wa bwana wake hadi mlangoni, kisha akarudi kazini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 watumwa wakawa huru. Jane akawachukua watoto wake, wakasafiri kwenda kwa mumewe, Washington Ferguson, aliyekuwa akifanya kazi katika matanuri ya chumvi huko Malden, jimbo la West Virginia. Uhuru haukuleta nafuu ya maisha. Booker, angali mtoto mdogo, alipelekwa kwenye matanuri hayo pamoja na kaka yake John, na mara nyingi kazi ilianza kabla ya mapambazuko.

Hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza la kusoma. Kila mfungaji wa mapipa ya chumvi alikuwa na namba yake, na ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Kila jioni msimamizi alipita akiiandika namba hiyo juu ya mapipa, na mtoto akaikariri umbo lake kabla ya kujua herufi yoyote. Baadaye mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, alimtafutia kitabu cha alfabeti. Walimu wanafunzi na wazingatie jambo hili: mzazi asiyejua kusoma si mzazi asiyetaka mwanawe asome. Jane hakuweza kumsaidia mtoto kwa somo hata moja, lakini kitabu cha kwanza kilitoka mkononi mwake.

Shule ilipofunguliwa kwa ajili ya watoto Weusi wa Malden, baba wa kambo hakumruhusu Booker kuhudhuria, kwa kuwa ujira wake ulihitajika nyumbani. Mtoto akapatana na mwalimu amfundishe usiku. Hatimaye akaruhusiwa kwenda mchana kwa sharti la kufanya kazi tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na kurudi kazini tena baada ya masomo. Tatizo likawa kwamba shule nayo ilianza saa tatu, na ilikuwa mbali. Akaanza kuisogeza mbele mishale ya saa ya kiwandani kwa nusu saa, ili awahi darasani, mpaka msimamizi alipogundua kuwa kuna mkono wa mtu akaifungia saa hiyo ndani ya kasha. Hatusimulii kisa hiki ili kuisifu hila. Tunakisimulia kwa sababu kila mwalimu atakutana na mtoto anayechelewa, na kabla ya kuinua fimbo inampasa aulize mtoto huyo alikuwa wapi tangu alfajiri.

Siku ya kwanza shuleni ilimletea aibu mbili. Ya kwanza ni kofia, kwani wenzake wote walikuwa nazo na yeye hana. Mama yake hakuwa na fedha za kununua dukani, akachukua vipande viwili vya kitambaa kigumu akavishona pamoja. Ya pili ni jina. Mwalimu alipoita majina kutoka katika daftari la mahudhurio, kila mtoto alijibu kwa majina mawili au zaidi, naye tangu kuzaliwa aliitwa Booker tu. Zamu yake ilipofika akajitaja kuwa ni Booker Washington, na jina hilo likamkaa. Baadaye aliambiwa kwamba mama yake alikuwa amempa pia jina la Taliaferro. Kuulizwa jina ni jambo dogo kwa mtoto wa mtu aliyesoma, lakini kwa mtoto wa kwanza wa ukoo kuingia shuleni, hata hilo ni mtihani.

Safari ya Hampton

Baada ya matanuri ya chumvi Booker alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Siku moja, chini ya ardhi, aliwasikia wachimbaji wawili wakizungumza habari za shule kubwa ya watu Weusi iliyoko Hampton, Virginia, ambako mwanafunzi maskini aliweza kulipia sehemu ya chakula na malazi yake kwa kazi. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868 na Jenerali Samuel Armstrong. Booker hakujua Hampton iko upande gani wala ni mbali kiasi gani, bali tangu saa ile alidhamiria kufika huko. Habari iliyoyabadili maisha yake aliipata kwa kusikia maneno ya watu wengine gizani. Je, ni watoto wangapi waliokuwa na akili kama yake, ambao hawakuwa karibu na wachimbaji wale siku hiyo?

Kutoka machimboni alihamia katika nyumba ya Jenerali Lewis Ruffner, mwenye matanuri na machimbo, akawa mtumishi wa mkewe, Viola Ruffner, kwa ujira wa dola 5 kwa mwezi. Mama huyu alisifika kwa ukali, na vijana wengi waliomtangulia hawakudumu kwake. Alitaka kila kitu kiwe safi, kila kazi ifanywe kwa wakati wake, na kweli isemwe bila kuficha. Booker alijifunza kwake utaratibu wa kazi, naye akamruhusu kwenda shule kwa saa moja ya mchana katika baadhi ya miezi ya baridi, na akamtia moyo aendelee kusoma. Huko alikusanya vitabu vyake vya kwanza akavipanga ndani ya sanduku kuukuu la bidhaa.

Mwaka 1872 akaondoka kwenda Hampton, safari aliyoikadiria kuwa ya maili 500 hivi. Watu wazima wa Malden, ambao walikuwa wamepitisha ujana wao wote utumwani, walimletea walichokuwa nacho: huyu senti tano, yule senti ishirini na tano, mwingine leso. Kaka yake John naye alimsaidia kadiri ya uwezo wake. Fedha zikaisha njiani. Alipofika mji wa Richmond hakuwa na hata senti ya kulala, akajilaza chini ya kijia cha mbao cha waendao kwa miguu, huku nyayo za watu zikipita juu yake. Kwa siku kadhaa akapakua shehena ya chuma melini ili apate chakula, na usiku akaendelea kulala pale pale apate kuweka akiba. Alipofika Hampton alikuwa na senti 50 mfukoni.

Mwalimu mkuu, Mary Mackie, alipomwona kijana huyu mchafu, mwenye njaa na nguo zilizochakaa, hakumkubali wala hakumkataa. Alimwacha angoje kwa muda mrefu, huku wengine wakipokelewa mbele yake. Kisha akamwagiza akafagie chumba kimoja cha darasa. Booker alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akahamisha kila samani na kusafisha kila pembe. Mwalimu akaja akakikagua, akapitisha leso yake juu ya mbao za ukuta, juu ya meza na viti. Hakuona vumbi. Akampokea.

Huo ndio mtihani wake wa kuingia chuoni. Tunaweza kuutazama kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, mwalimu huyo alitafuta kipimo ambacho mtoto asiye na cheti wala vitabu angeweza kukifikia, kikamwonyesha bidii ambayo karatasi isingemwonyesha. Kwa jicho la pili, ufagio ndio uliokuwa umewekwa mkononi mwa watu Weusi kwa miaka mingi, na si ajabu wapo wanaoudhika wakisikia kwamba ndio uliowafungulia mlango wa shule. Macho yote mawili yanaona kweli, nasi tutalirudia jambo hili mbele.

Jinsi Hampton ilivyomshikilia

Kufika chuoni ni jambo moja, kudumu chuoni ni jambo jingine. Wengi wenye nia kama yake hufika, kisha katika muda mfupi hurudi makwao kimya kimya. Tutazame basi yaliyomfanya Booker asirudi.

Kwanza, alipewa kazi. Mary Mackie alimpa kazi ya kufagia na kutunza vyumba, kuwasha mioto ya asubuhi, na kazi nyingine za usafi. Chakula na malazi vilikuwa dola 10 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya deni hilo aliilipa kwa jasho lake. Pili, ada. Ilikuwa dola 70 kwa mwaka, nayo ilimshinda kabisa. Jenerali Armstrong akamtafutia mfadhili, S. Griffitts Morgan wa New Bedford, Massachusetts, ambaye aliilipa muda wote alipokuwa Hampton. Tatu, vitabu aliazima kwa wenzake, na nguo alizipata katika mapipa ya mitumba yaliyotumwa na wahisani wa Kaskazini. Hata hivyo kwa muda alikuwa na jozi moja tu ya soksi, akizifua usiku na kuzianika karibu na moto.

Nne, na hili ndilo husahauliwa zaidi, alijifunza mambo ambayo waliokulia katika nyumba za wasomi hawakumbuki hata kwamba waliwahi kufundishwa: kula mezani kwa saa maalumu, kuoga kila siku, kupiga mswaki, kulala juu ya kitanda chenye shuka. Shuka mbili zilimtatiza. Usiku wa kwanza alilala chini ya zote mbili, usiku wa pili juu ya zote mbili, mpaka alipowatazama wenzake akaelewa. Hakuuliza, kwa sababu aliona haya. Mwanafunzi wa kwanza wa ukoo wake hukutana na shuka mbili kila siku: jinsi ya kutumia maktaba, jinsi ya kumwendea mkufunzi, jinsi ya kujaza fomu. Akikosea hudhaniwa hana akili, kumbe hakuwahi kuonyeshwa.

Tano, walikuwapo walimu waliompa muda wao. Nathalie Lord alimfundisha faraghani jinsi ya kuvuta pumzi, kutamka na kutia mkazo katika kuhutubia, na ustadi huo ndio uliompatia sifa nchi nzima baadaye. Mary Mackie, ambaye alitoka katika familia yenye elimu ya Kaskazini, alimwita majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, wakaosha madirisha na kutandika vitanda pamoja. Kijana akaona kwa macho yake kwamba elimu haimwondolei mtu heshima ya kazi.

Mwaka 1874, akiwa likizoni nyumbani, mama yake alifariki. Mwaka 1875 alimaliza masomo Hampton.

Mwalimu wa Malden

Booker alirudi Malden akafundisha tangu asubuhi hadi usiku, mchana watoto na usiku watu wazima waliokuwa kazini. Lakini hakutosheka na kufundisha yaliyokuwa katika vitabu. Aliwachagua vijana wenye uwezo akawaandaa mahususi kwa ajili ya Hampton. Miongoni mwao alikuwa John, kaka yake yule aliyebaki akifanya kazi ili mdogo wake asome. Kisha ndugu hao wawili wakashirikiana kumpeleka James, ndugu yao wa kulelewa. Walimu wa Hampton waliona jinsi vijana hao walivyoandaliwa vizuri, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya kumwita mwalimu wao arudi kufundisha huko mwaka 1879, baada ya kuwa amesoma kwa muda Wayland Seminary katika mji wa Washington.

Hampton alikabidhiwa darasa la usiku. Shule ilikuwa imegundua kwamba wako vijana maskini kiasi kwamba hata ule utaratibu wa kazi haukuwafaa, kwa kuwa hawakuwa na cha kuanzia. Ikaamuliwa wafanye kazi saa 10 mchana na kusoma saa 2 usiku kwa mwaka mmoja au miwili. Ujira wao uliwekwa akiba, ili baadaye uwalipie sehemu ya gharama watakapoingia masomo ya mchana. Darasa lilianza na wanafunzi 12 hivi. Huu ulikuwa utaratibu wa busara: mahali ngazi ilipokuwa juu mno, waliongeza kidato kimoja chini.

Tuskegee

Mwaka 1881 baraza la kutunga sheria la Alabama lilitenga dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya shule ya kuwaandaa walimu Weusi katika mji wa Tuskegee. Waliohangaikia jambo hilo mjini ni Lewis Adams, fundi bati aliyekuwa mtumwa zamani, na George Campbell, mfanyabiashara aliyekuwa akimiliki watumwa. Jenerali Armstrong alipoombwa mwalimu akampendekeza Washington, ambaye alikuwa na umri wa miaka 25.

Alipofika alikuta fedha hizo ni za mishahara tu. Hapakuwa na ardhi wala jengo. Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 ikiwa na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alisimama akimshikia mwalimu mwavuli huku masomo yakiendelea. Muda si mrefu Olivia Davidson, mwalimu aliyesoma Hampton, akaja kusaidia, naye akawa nguzo ya shule hiyo katika kufundisha na kutafuta fedha hadi alipofariki mwaka 1889.

Kabla ya kupanga mtaala Washington alizunguka vijijini mwezi mzima, akalala na kula katika nyumba za watu ambao angewafundisha watoto wao. Aliona familia nzima ikilala chumba kimoja, na pamba ikipandwa hadi mlangoni pasipo bustani ya mboga. Aliona pia kijana mwenye nguo chafu akijifunza sarufi ya Kifaransa katika kibanda kilichozungukwa na magugu. Mwalimu anayetaka kujua aanzie wapi hana budi kujua mwanafunzi anatoka wapi.

Shule ikanunua shamba lililoachwa, ekari 100 hivi, kwa dola 500. Nusu ya kwanza ya fedha ilikopwa kwa mweka hazina wa Hampton. Watu maskini wa pale walichanga kadiri walivyoweza, na bibi kizee mmoja aliyewahi kuwa mtumwa alileta mayai sita aliyokuwa akiyaweka akiba. Wanafunzi walijenga majengo kwa mikono yao. Walipojaribu kuchoma matofali, matanuri matatu yaliharibika moja baada ya jingine. Fedha zilikuwa zimekwisha, Washington akaweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuri la nne likafaulu. Mwaka 1884 masomo ya usiku yakaanzishwa Tuskegee kwa mfano wa Hampton. Alipofariki tarehe 14 Novemba 1915, chuo kilikuwa na wanafunzi 1,500 hivi, walimu 200 hivi na majengo zaidi ya 100.

Ubishi juu ya dari

Hatutakuwa tumetenda haki tukiishia hapo. Mwaka 1895, mjini Atlanta, Washington alitoa hotuba iliyomfanya mashuhuri kuliko Mmarekani Mweusi yeyote wa wakati ule. Katika hotuba hiyo aliwashauri watu wake waanze na kazi za mikono, kilimo na biashara, na wasitangulize madai ya usawa wa kijamii. Wazungu wengi walimpongeza. Lakini mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi aliyehitimu Fisk na Harvard, alimpinga katika kitabu chake mashuhuri. Alidai kwamba watu wasio na haki ya kura hawawezi kuulinda hata utajiri wa kazi zao, na kwamba vijana wenye vipawa wanastahili elimu ya juu kamili. Tena aliuliza walimu wa shule za ufundi wangetoka wapi, kama si katika vyuo vikuu.

Washington mwenyewe alikuwa na mambo mengi ndani yake. Kwa siri alitoa fedha kugharimia kesi za kupinga kunyang'anywa watu Weusi haki ya kura, na binti yake Portia alimpeleka Berlin kusomea muziki. Hata hivyo maneno yake ya hadharani yaliwapa nguvu waliotaka elimu ya mtu Mweusi iishie kwenye jembe na randa.

Jambo hili lilitufikia hata sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru nchi zetu ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, naye Dakta Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe. Tume hiyo ilipendekeza elimu ya vijijini kwa mfano wa Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kuwaandaa walimu wa kuzungukia shule za vijiji. Jina hilo ni la Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za watu Weusi, Washington akiwa mmoja wa waliokabidhiwa mpango huo. Walimu hao walifanya mema mengi. Lakini Waafrika wengi walishuku, si bila sababu, kwamba elimu ya jembe ilisifiwa na watu ambao wasingeichagua kwa watoto wao wenyewe. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, alikazia kwamba kazi shuleni iwe ya wote, pasiwe na kundi la kulima na kundi la kutawala. Hapo ndipo penye tofauti.

Yatupasayo

Ndugu walimu wanafunzi, tunayachukua maisha haya kwa mikono miwili, lakini kwa kuchagua. Tunaichukua ngazi ya Washington, dari yake tunaiacha. Ngazi ni ule utaratibu wa kumpa mwanafunzi maskini habari mapema, kazi yenye ujira badala ya aibu ya deni, kidato cha ziada pale anapopungukiwa, na mtu wa kumwonyesha yale ambayo hakuna aliyemwonyesha nyumbani. Dari ni kumwamulia mtoto, kwa sababu ya umaskini wake, kwamba mwisho wake ni hapa.

Mtakapofika shuleni, msingoje mtoto wenu asikie habari za masomo ya juu kwa bahati, kama Booker alivyozisikia machimboni. Mwambieni kwa jina shule ziko wapi, zinataka nini, na maombi hupelekwa lini. Waiteni wazazi wasiosoma, muwaeleze kwa lugha ya staha, maana wengi wao wako tayari kuleta mayai yao sita ila hawajui wayapeleke wapi. Mtoto akikosea jambo ambalo hakuonyeshwa, mwonyesheni pasipo kumcheka mbele ya wenzake. Na mkimpa ufagio, ushikeni nanyi pamoja naye, kama Mary Mackie, kisha mpeni kitabu cha juu kadiri akili yake inavyoweza kufika.

Mwaka 1984 Hampton ilichukua jina la chuo kikuu, na Tuskegee ikafuata mwaka 1985. Shule zilizoanza kwa kufundisha kusoma na kufyatua matofali zikawa zinatoa shahada. Waliozianzisha hawakuyaona hayo. Mwalimu wa shule ya msingi naye mara nyingi hataona wanafunzi wake walikofika. Hilo lisimzuie kuwaelekeza njia, na kuwahesabu kila mwaka: ni wangapi walioweza kuendelea, ni wangapi walioishia njiani, na kwa nini.